Naomba ushauri: mwenyekiti ndio anapanga nini kipigiwe kura kwanza

Wasee naombeni ushauri. Chama yetu hapa Kondele, Kisumu, tuna pesa na mawazo ni matatu: tununue ploti, tununue tuktuk ama tugawane kila mtu aende na yake. Tumegawanyika kambi tatu karibu sawa. Wa ploti wakikosa wanataka tuktuk, wa tuktuk wakikosa afadhali wagawane, na wa kugawana wakikosa wanachukua ploti. Sasa mwenyekiti (yeye ni wa kugawana, hafichi hata) anasema tuanze ploti na tuktuk, mshindi akutane na kugawana. Nimepiga hesabu usiku, ploti inashinda tuktuk halafu kugawana inaimeza ploti. Lakini tukianza na tuktuk na kugawana, tuktuk inapita, kisha ploti inaishinda! Yaani inayoingia mwisho ndio inabeba, na watu ni walewale.

Huyu Condorcet, mwanahisabati wa Ufaransa, aliandika hii maneno 1785 na bado inatusumbua. Hata bungeni marekebisho hupigiwa kura kabla ya hoja yenyewe. Marekani 1956 kipengele cha mbunge Powell cha kunyima pesa shule zinazobagua weusi kilipita, alafu mswada wote wa misaada ya shule ukaangushwa.

Mimi ni wa ploti, sikatai. Je, niombe mpangilio uamuliwe kwa kura pia, ama tupige kura ya siri mara moja tuweke zote tatu kwa pointi? Na nimwambie vipi mzee bila kumkosea heshima?