Wagumu wangu (wapagazi wa Mlima Kilimanjaro) wanasahau Kiingereza ndani ya wiki, nifanyeje?

Mwalimu wa Jioni: Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi. Masika hii mlima umepoa, wageni wachache, nikaanzisha darasa la Kiingereza kwa wagumu 12, wengi wa miaka 30 kwenda juu. Kila siku naandika maneno 20 ubaoni na maana zake, wananakili. Ijumaa nikiuliza, wanakumbuka manne. Mmoja kasema kichwa cha mtu mzima ni gunia lililotoboka.

Na si mchezo. Mwenzao akiwa kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, mgeni alimwambia "I'm dizzy", yaani anasikia kizunguzungu. Yeye kasikia "busy", kwamba ana shughuli, akaondoka zake asimsumbue. Bahati gaidi, yaani mwongoza wageni, alipita.

Mama Tuisheni: Gunia halijatoboka, wewe unajaza kwa pupa. Yawe saba, na ya jana yarudiwe. Kila neno liandike kwenye kikadi chake. Chukua boksi la viatu, ligawe vyumba vitatu, vikadi vianzie cha kwanza. Kikadi kikijibiwa kinasogea chumba kinachofuata: vya chumba cha pili unauliza baada ya siku tatu, vya cha tatu baada ya wiki. Kikikosewa kinarudi mwanzo. Sebastian Leitner aliueleza mtindo huu kwenye kitabu chake cha 1972, na mpaka leo mimi sijaona wa kuushinda.

Kijana wa Mjini: Boksi la nini? Apu za bure kibao.

Mgumu Mstaafu: Bando utawanunulia wewe?

Mwalimu, anza na walichonacho mdomoni: sweta, jaketi, soksi, glovu, tochi. Hapo unanyoosha matamshi tu. Ila waambie Mmarekani tochi anaiita "flashlight". Mimi niliombwa hiyo usiku, nikampelekea mgeni kamera yake.

Mwalimu wa Jioni: Kamera 😂😂 Sasa wawili kusoma kwao ni kwa kuungaunga. Vikadi vitawafaa?

Mama Tuisheni: Wachoree. Halafu waigize. Mmoja ashike kichwa, ayumbe: "I feel dizzy." Mwenzake: "Sit down. I'll call the guide." Usiwape "dizzy" peke yake, litadondoka. Na kabla ya yote wajue kusema "Sorry, again please?" Wengi wanaona aibu kuuliza mara ya pili, wanaitikia "yes" tu.

Mgumu Mstaafu: Hiyo "yes" imetuponza wengi.

Mwalimu wa Jioni: Asanteni. Mangi wa duka la hapa jirani kanipa maboksi mawili. Kesho naanza na kuyumba.