Dada kaambiwa si kiharusi ni ugonjwa wa Baló, nani anaujua?

mdogo_mtu: Wakuu naombeni msaada. Dada yangu ana miaka 34, presha hana sukari hana, wiki mbili nyuma mkono wa kulia ulianza kuwa mzito, anaangusha kijiko, tukajua uchovu tu, siku ya nne maneno yakaanza kumpotea, anataka kusema maji anasema mlango. Tukamkimbiza hospitali wakasema kiharusi akaanzishiwa dawa lakini wapi, hali ikazidi. Juzi kapigwa emaraai, ile picha ya ubongo ya sumaku, daktari katuonyesha miduara miduara kwenye ubongo kama kitunguu kilichokatwa. Nimegugo naona kifo tu, ni kweli??

nesi_wa_zamu: Pole sana ndugu yangu. Hayo unayosoma mengi ya zamani. Baló alikuwa daktari wa Hungaria, aliuandika 1928, enzi hizo emaraai hakuna, uligundulika mtu akishafariki na ubongo kupasuliwa, sasa utaachaje kuitwa ugonjwa wa kifo? Siku hizi wapo wanaopona vizuri kabisa. Ni ndugu wa maltipo sklerosisi, kinga ya mwili inashambulia mayelini, lile ganda la nyuzi za neva, pete moja inaliwa inayofuata inabaki, ndo hiyo miduara. Kiharusi ni mshipa wa damu umeziba au umepasuka, kwa kawaida kinakuja ghafla, cha dada kilipanda siku nne. Ila msiwalaumu sana, kwenye siti skani, ile picha ya kichwa ya eksirei, pete mara nyingi hazionekani, ni doa tu.

kaka_mzoefu: Sisi mzee wetu waliona uvimbe, wakataka kumfungua kichwa kabisa! Ilikuwa mayelini hiyo hiyo. Ulizeni steroidi za dripu, dawa za kutuliza kinga na uvimbe, yeye alipewa gramu moja kwa siku, siku tano. Zikigoma kuna kusafishwa plazma, yale maji ya damu. Na jamani mtu akipinda mdomo ghafla msikae kujiuliza ni Baló au nini, hospitali saa hiyo hiyo.

mdogo_mtu: Asanteni mno. Leo dripu ya pili, kijiko anakishika ila hakifiki mdomoni. Usiku halali kabisa, anaongea tu mpaka asubuhi, ndo ugonjwa unapanda?

nesi_wa_zamu: Mara nyingi ni steroidi hizo, zinakata usingizi. Mwambie daktari leo leo, na wawe wanampima sukari, zinaipandisha hata kwa asiyekuwa nayo.