Naomba ushauri: akili bandia imeingia ofisi ya hesabu, karani wa Tanga afanye nini?

Karani_Makorora
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Nipo idara ya hesabu, duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Tanga mjini. Mwajiri ananunua programu ya akili bandia inayosoma picha za risiti, inaziingiza vitabuni na kuandaa mishahara. Makarani tupo wanne, na tumeambiwa kazi ya kuingiza risiti inakwisha. Nina cheti cha uhasibu tu. Je, niendelee na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, au nihame fani? Na programu yenyewe ni ya kuaminika kiasi gani? Naomba majibu ya kitaalamu, si ya kutiana moyo.

Daftari_Chumbageni
Marahaba mdogo wangu. Kuingiza risiti kunakwenda, usijidanganye. Mwaka 2013 watafiti Frey na Osborne wa Chuo Kikuu cha Oxford walipoorodhesha kazi za Marekani zinazoweza kufanywa na mashine, karani wa vitabu vya hesabu walimpa uwezekano wa 98%. Angalia lakini walichopima: kazi yenyewe kuwezekana kwa mashine, si idadi ya watakaofukuzwa. Kinachobaki mezani ni kujua tarakimu ilitakiwa iwe ngapi kabla mashine haijaitoa.

Chukua mshahara wa 600,000. Ondoa mchango wa mfanyakazi kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 10%, yaani 60,000. Inabaki 540,000 ya kutozwa kodi. Kwa jedwali la PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, lililoanza Julai 2021, kodi ni 20,000 jumlisha 20% ya kinachozidi 520,000, jumla 24,000. Programu ikisahau kutoa NSSF kwanza itakuletea 36,000. Ikishika jedwali la zamani, lile la 9% katika ngazi ya kwanza badala ya 8%, italeta 26,500. Majibu yote matatu yanatoka yamepangwa vizuri, na asiyejua njia hataona tofauti. Sababu ni kwamba mifumo hii imefundishwa kwa maandishi ya miaka mingi yaliyochanganyika, na viwango vyetu hubadilishwa na Sheria ya Fedha inayoanza kila Julai 1. Tozo ya ufundi stadi, SDL, ilikuwa 4% mwaka 2021, ikashuka 3.5% mwaka 2023. Kwa hiyo kila Julai kaa na sheria mpya mkononi, ubadilishe viwango ndani ya programu wewe mwenyewe.

Bi_Hesabu_Ngamiani
Mwanangu, mimi nitasema la risiti, maana ndiko pesa zinakopotelea. Risiti ya EFD, mashine ya kodi ya dukani, ni karatasi ya joto: ikikaa juani kwenye dashibodi ya gari inafifia, na mashine itasoma 8 kuwa 3 bila kukuuliza. Ipigwe picha siku ileile, ikiwa imenyooshwa, kisha hakiki namba yake kwenye mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato.

VAT nayo, kodi ya ongezeko la thamani ya 18%. Risiti ya 1,180,000 yenye VAT ndani ina kodi ya 180,000, kwa sababu unagawa kwa 118 na kuzidisha kwa 18. Programu ikipiga 18% juu ya jumla inakupa 212,400, na hapo umedai 32,400 zisizo zako. Risiti isiyo na jina na TIN (namba ya mlipakodi) ya duka lenu itoe pembeni uiulizie kabla ya kuidai. Ritani, yaani taarifa ya VAT ya mwezi, mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, basi usingoje tarehe 19 ndipo ukague.

Kosa baya kuliko yote lipo kwenye malipo ya simu. Pesa ikihamishwa kutoka laini ya duka kwenda benki, programu inaona pesa imeingia benki na kuiandika mauzo, wakati mauzo yale yalishaandikwa yalipoingia kwenye simu. Mauzo yanakuwa mara mbili, kodi nayo mara mbili. Fungua vitabuni akaunti ya kati ya uhamisho, ya kupitishia pesa inayotoka kwenye simu kwenda benki. Mwisho wa siku isome sifuri. Pango la ghala ni hivyohivyo: mashine italiandika 500,000 kama gharama na kumlipa mwenye nyumba zote, ikisahau kodi ya zuio ya 10%, unayomkata na kuipeleka TRA, ambayo ni 50,000.

Karani_Makorora
Ahsanteni sana. Mwajiri anaamini mashine haikosei. Nimwelezeje bila kuonekana natetea kiti changu?

Mkaguzi_Usagara
Usibishane naye kwa maneno. Chukua mwezi mmoja mlioufunga hesabu zake na kuziwasilisha, toa risiti 100 za aina zote: zilizofifia, za mkono, zenye punguzo, zilizorudishwa bidhaa. Iachie programu iziingize bila kusaidiwa, kisha linganisha mstari kwa mstari. Jumla isikudanganye, kwa kuwa kosa la kuzidi na la kupungua hufutana. Kila kosa liandike aina yake na shilingi zake. Karatasi hiyo mpe.

Majina ya wafanyakazi na mishahara yao yasipandishwe kwenye programu ya bure ya mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kupeleka taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti yake. Weka namba badala ya majina.

NBAA endelea, tena usichelewe. Hesabu zilizokaguliwa zinahitaji saini ya mtu aliyesajiliwa, na TRA ikija na swali inamfuata mlipakodi, haiifuati programu.

Daftari_Chumbageni
Niongeze moja linalonitia hofu kweli. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Poland: madaktari waliozoea kusaidiwa na akili bandia kutafuta vinyama kwenye utumbo mpana, walipochunguza bila msaada huo kiwango chao cha kuvigundua kilikuwa 22.4%, wakati kabla ya kuizoea kilikuwa 28.4%. Hao ni mabingwa wenye uzoefu. Karani kijana ambaye hajawahi kufunga mwezi kwa mkono atajifunzia wapi kuona kosa? Mwombeni mwajiri mwezi mmoja katika kila robo mwaka usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, ufanywe kwa mkono na karani mdogo kuliko wote, kisha ndipo ulinganishwe na wa mashine. Kwa duka lenye akaunti mbili au tatu hiyo ni kazi ya siku mbili tu.