Kura ya kumbakiza jaji wa kaunti: mpiga kura anapima nini?

Mtoto wa Nyakato:
Wanajamvi, salaam. Naishi Pennsylvania, na baada ya kupata uraia nimeletewa kwa posta karatasi yangu ya kwanza ya kura. Nafasi nyingine nimezielewa, ila ipo sehemu inayouliza kama jaji fulani wa Mahakama ya Common Pleas ya kaunti yetu abakizwe kwa kipindi kingine, na chini yake pana Ndiyo na Hapana tu. Hana mpinzani, chama chake hakikutajwa, na sijawahi kumsikia. Kwetu Tanzania jaji huteuliwa na Rais, kwa hiyo sijawahi kuulizwa neno juu yake. Huyu amefikaje hapo, nami nimpime kwa lipi?

Karani wa Zamani:
Ndugu yangu, kwa kawaida jaji wa namna hiyo huingia kwa uchaguzi wenye ushindani. Wakili anayetaka kiti hupitia kwanza kura za maoni za vyama, na sheria ya jimbo hilo inamruhusu kugombea katika vyama vyote viwili kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwenye ubunge wetu lingezua ugomvi. Akishinda Novemba hukaa miaka 10. Kipindi kikikaribia kwisha hapambanishwi tena na mtu: huwasilisha tamko lake kufikia Jumatatu ya kwanza ya Januari, kisha jina lake hupigiwa kura peke yake. Ndiyo zikizidi Hapana hupata miaka 10 mingine, na anaweza kuendelea hivyo hadi umri wa lazima wa kustaafu, ambao wananchi waliupandisha kutoka miaka 70 hadi 75 mwaka 2016. Illinois ni wagumu zaidi, kwani jaji hubaki kwa asilimia 60 tu. Lengo ni kwamba jaji aliye kazini asilazimike kuzunguka akichangisha fedha za kampeni kwa mawakili watakaosimama mbele yake kesho.

Wa Likoni:
Karani amesema kweli, lakini mtu anaweza kudhani kwamba Hapana ni breki ya kutosha. Kenya, baada ya Katiba ya 2010, bodi maalumu iliwahoji majaji na mahakimu waliokuwa kazini mmoja mmoja, faili mkononi. Mpiga kura wa Pennsylvania hana faili. Katika kaunti ya Luzerne, jimboni humo humo, Michael Conahan alibakizwa mwaka 2003 na Mark Ciavarella mwaka 2005, wakati tayari walikuwa wakipokea fedha zilizohusiana na mahabusu binafsi ya watoto, ambazo jumla yake ilifika dola milioni 2.8. Kwa Ciavarella, aliyekuwa akisikiliza kesi za watoto, wananchi walichokiona ni jaji mkali aliyealikwa shuleni kuwaonya wanafunzi. Mwaka 2007 msichana aliyetengeneza ukurasa wa mtandaoni wa kumtania makamu wa mkuu wa shule yake alihukumiwa miezi 3, katika shauri la dakika chache, bila wakili, kwa sababu mama yake alikuwa amewekewa fomu ya kukubali kwenda bila wakili naye akatia sahihi. Mama huyo ndiye aliyepiga simu kwa mawakili wa watoto wa Philadelphia, na kutoka hapo ndipo mambo yakafumuka. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya jimbo iliagiza maelfu ya hukumu zifutwe. Mwaka 2011 Ciavarella alihukumiwa miaka 28 na Conahan 17 na nusu. Kura zilikuwa zimewapitisha wote wawili.

Mtoto wa Nyakato:
Basi niiache sehemu hiyo wazi?

Karani wa Zamani:
Usiiache. Tazama kama chama cha mawakili cha kaunti yenu hutoa tathmini, kama wanavyofanya Philadelphia na Pittsburgh, ingawa ukumbuke kuwa hao ni watu wanaomhitaji jaji awe mwema kwao. Zaidi ya hapo, kesi nyingi za watu wazima husikilizwa mlango ukiwa wazi. Kaa benchi la nyuma saa moja, umwangalie anavyomsemesha mtu asiye na wakili, na kama anamsubiri mkalimani amalize sentensi.

Mtoto wa Nyakato:
Hilo la mkalimani limenigusa, maana wazee wengi tunaoishi nao ni wa kutoka Kongo na Kiingereza chao ni cha kuokoteza. Alhamisi sina zamu, nitakwenda.