Tupeane uzoefu: EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) ilikusumbuaje, na uliitibu vipi?

Wadau, nianze na yangu. Pikapu ya dizeli, lita 3.0. Mlima Kitonga nimezoea kuupanda na mzigo kwa gia ya tatu. Safari ile nilimaliza na ya kwanza, nyuma moshi mweusi umetanda barabara nzima. Kufika Iringa, fundi akasema nozeli (za kupulizia mafuta). Zikatolewa zote nne, zikapimwa, zikasafishwa, nikalipa, na moshi uko vilevile. Fundi wa pili akachomeka kwanza mashine ya kusoma hitilafu: namba P0402, yaani moshi unaorudishwa kwenye injini umezidi. Kufungua valvu ya EGR, masizi yameganda kama lami, haifungi tena. Injini ilikuwa inavuta moshi wake badala ya hewa safi. Tukalainisha masizi kwa dawa ya kusafishia kabureta, tukakwangua kwa kijiti, upande wa umeme hatukuulowesha, gasketi tukaweka mpya. Manifoldi ya hewa (njia ya kuingizia hewa kwenye injini) nayo ilikuwa imeziba hata kidole hakipiti, tukaisafisha. Nguvu ikarudi. Nyie mmekutana na nini?

*Mdau, Mombasa:*
Pole ndugu. Gari langu la petroli lilikuwa kinyume: P0401. Nikaambiwa ninunue valvu, nikanunua. Siku ya tatu taa ikawaka tena. Kumbe ni kimpira cha vakyumu (mvuto wa hewa unaofungua valvu), kimepasuka kwa chini kwa sababu ya joto. Namba hiyo inasema moshi haupiti wa kutosha, haisemi valvu imekufa. Kama yako ni ya vakyumu, washa injini bila kukanyaga mafuta, kisha ivute valvu kwa pampu ya vakyumu ya mkono. Injini ikitetemeka au ikizima, valvu na njia yake ni nzima. Tafuta kwenye mipira, solenoidi (swichi ya umeme ya vakyumu) na nyaya. Hiki ni kipimo cha dakika mbili, nami nilinunua valvu kabla sijakifanya. Inaniuma hadi leo.

*Mdau, Dodoma:*
Mimi maji ya rejeta yalikuwa yanapungua na chini hakuna tone. Moshi mweupe. Wakataka kufungua silinda hedi, kumbe kipoozeo cha EGR ndicho kilichotoboka. Kikaguliwe kwanza jamani.

*Fundi, Mwanza:*
Wateja wengi wananiambia "ziba EGR kwa bati tumalize." Sizibi. EGR inashusha joto la mwako ili oksidi za naitrojeni zipungue, na gesi hizo zinaumiza mapafu ya watoto wetu barabarani. Tena gari za sasa kompyuta inagundua, taa inawaka. Masizi yakirudi haraka, chanzo kiko kwingine: chujio la hewa, paipu ya turbo inayovuja, nozeli, au safari fupi fupi injini haijapata moto.

*Mwanzisha mada:*
Shukrani fundi. Paipu ya turbo sikuiangalia kabisa, kesho asubuhi naanza nayo.