Maji ya chumvi na presha ya wajawazito Khulna, Bangladesh: tafiti zinapingana, nifuate ipi?

Mpimamaji aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Naandaa mpango wa utafiti wa maji ya kunywa na presha kwa wajawazito wa Dacope, eneo la Khulna, kusini magharibi mwa delta ya Bangladesh. Nimekwama kwenye matokeo yaliyokwisha kuchapishwa.

Utafiti wa 2011 ulikuta presha ya ujauzito hospitalini ni asilimia 12.2 wakati wa kiangazi na 5.1 wakati wa mvua. Wa 2014 ulilinganisha wajawazito 202 wenye presha au kifafa cha mimba na wenzao 1,006 wasio nayo. Waliokunywa maji yenye sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) zaidi ya miligramu 900 kwa lita walikuwa na uwezekano mara 5.48 ukilinganisha na wa chini ya 300. Wa 2017 nao ukasema sodiamu ya maji ikipungua miligramu 100 kwa lita, namba ya juu ya presha inashuka kwa wastani wa 0.95 mmHg. Mpaka hapo picha ni moja.

Halafu uchambuzi wa 2019 unakuta wanaokunywa maji yenye chumvi kidogo wana presha ya chini kuliko wanaokunywa maji matamu, namba ya juu ikiwa pungufu kwa 1.55 mmHg. Nipange utafiti wangu kwa dhana ipi? Na nipime nini ili nisiangukie kwenye mkanganyiko huo huo?

---

Chumvichumvi alijibu:

Kabla ya kusema zinapingana, weka vipimo vyote kwenye rula moja. Uchambuzi wa 2019 haukugawa watu kwa sodiamu, uligawa kwa upitishaji umeme wa maji, ambao hupanda kadiri chumvi na madini yanavyozidi na hupimwa kwa mS/cm: chini ya 0.7 mS/cm ni maji matamu, 0.7 hadi chini ya 2 ni chumvi kidogo, 2 hadi chini ya 10 ni chumvi ya wastani. Ule wa 2014 uligawa kwa miligramu za sodiamu. Sasa piga hesabu: sodiamu miligramu 300 kwa lita ni milimoli 13 (milimoli moja ya sodiamu ni miligramu 23), na ikiwa imekuja na kloraidi, kipimo cha umeme kitasoma karibu 1.5 mS/cm. Miligramu 900 ni milimoli 39, kipimo kitavuka 4.

Umeona kilichotokea? Kundi la "chumvi kidogo" la 2019 kwa sehemu kubwa liko ndani ya kundi la chini kabisa la 2014, lile lililotumika kama msingi wa kulinganishia. Hatari iliyoonekana 2014 iko juu ya hapo. Tena mmoja unahusu wajawazito, mwingine unahusu watu wazima kwa ujumla.

La pili ni madini. Maji ya ardhini hayabebi sodiamu peke yake. Yana kalsiamu na magnesiamu, na hizo mbili huvuta presha kushuka. Maji ya mvua yanakaribia kutokuwa na madini kabisa. Katika data za 2019, wanywaji wa maji ya chumvi walikuwa na kalsiamu na magnesiamu nyingi zaidi kwenye mkojo, na sodiamu ya mkojo bado iliendana na presha kupanda. Kwa hiyo chumvi haijasafishwa jina. Kilichoonekana ni mvutano wa madini mawili mema na moja baya ndani ya kikombe kimoja. Ukipima upitishaji umeme tu, mvutano huo hutauona, kwa sababu kile kifaa hakijui kama umeme unapitishwa na sodiamu au na kalsiamu.

Dhana yako basi isiwe "chumvi inapandisha presha, ndiyo au hapana". Uliza kwa kiwango gani cha sodiamu faida ya kalsiamu na magnesiamu inazidiwa nguvu, na kwa mjamzito hasa.

---

Maabara_Delta alijibu:

Nakubaliana na Chumvichumvi, naongeza upande wa maji yenyewe, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya.

Kipimo cha umeme kirekebishwe kila asubuhi kwa myeyusho ambao upitishaji wake unajulikana, wa 1413 µS/cm (yaani 1.413 mS/cm), na kwa ule wa 12.88 mS/cm ukienda kwenye mabwawa na mito ya kiangazi. Hakikisha kifaa kinarekebisha joto hadi nyuzi 25. Upitishaji hupanda takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja, hivyo maji ya nyuzi 32 bila marekebisho yatasomeka juu kwa asilimia kama 14. Kosa hilo linatosha kuhamisha nyumba kutoka kundi moja kwenda jingine, na mbaya zaidi linaegemea kiangazi, wakati ule ule unaotafuta tofauti.

Kisima cha pampu ya mkono: pampu kwanza mpaka usomaji utulie, kwa kawaida dakika 3 hadi 5. Maji yaliyolala kwenye bomba si maji ya kisima. Bwawa: chota pale pale akina mama wanapochotea, kama sentimita 30 chini ya uso, si katikati ya bwawa. Kisha, na hili wengi huliacha, pima pia maji yaliyomo ndani ya chombo cha kunywea nyumbani. Nyumba moja Dacope inaweza kunywa maji ya tenki la mvua asubuhi, kupikia maji ya bwawa lenye chujio la mchanga, na mchana mume akiwa shambani akanywa ya kisima. Ukiandika "chanzo kikuu: bwawa" umeshapoteza theluthi mbili za habari.

Sampuli za maabara ziwe kwenye chupa za plastiki ya polietilini, si kioo, kwa sababu kioo huachia sodiamu. Chuja kwa chujio la mikromita 0.45, tia asidi ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, ndipo upime sodiamu, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Kloraidi na bikaboneti zipimwe kwenye chupa nyingine isiyotiwa asidi.

Msimu: chumvi ya mito hufika kileleni Aprili na Mei, kabla ya mvua za monsuni. Pima angalau mara mbili, Oktoba au Novemba na tena Aprili. Kipimo cha mara moja hakisemi chochote kuhusu ujauzito wa miezi tisa, ambao lazima uvuke misimu yote.

---

Mpimamaji aliandika:

Asante sana, hiyo hesabu ya milimoli imenifungua macho. Swali dogo: siwezi kukadiria tu sodiamu anayokunywa mtu kwa kuzidisha sodiamu ya maji na lita anazokunywa, nikaacha mkojo? Mkojo wa saa 24 ni mzigo mkubwa kwa mjamzito.

---

Mkunga_Takwimu alijibu:

Ndugu, jibu liko kwenye huo huo utafiti wa 2011 ulioutaja. Makadirio kutoka kwenye maji yalitoa sodiamu gramu 5 hadi 16 kwa siku wakati wa kiangazi. Mkojo wa saa 24 ulitoa wastani wa gramu 3.4, na wa juu kabisa alikuwa 7.7. Gramu 16 za sodiamu ni kama gramu 40 za chumvi ya mezani. Watu huonja maji, hukwepa yaliyo makali, hutafuta ya jirani. Kuzidisha hakuoni uamuzi huo, mkojo unauona. Hata hivyo gramu 3.4 si ndogo: kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 2.

Namna ya kuukusanya bila kuuharibu: mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, saa inaandikwa, kisha kila tone linaingia kwenye chupa mpaka na ule wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Kosa la kawaida kabisa ni kuhifadhi ule wa kwanza, au kusahau wa mwisho. Mpe jagi dogo lenye mdomo mpana pamoja na chupa ya lita 3, na kitambaa cha kufunikia ili asione haya kupita nayo uani. Chupa ikae kivulini. Muulize kwa upole amekosa mara ngapi. Ikikosekana zaidi ya mara moja, au jumla ikiwa chini ya mililita 500, rudia. Pima kreatinini, taka ya mwili inayotoka kwa mkojo kwa kiasi karibu kile kile kila siku, ili kukagua kama mkojo umetimia. Tikisa chupa, pima ujazo wote, ndipo uchukue mililita 15 za maabara. Milimoli za sodiamu zidisha kwa 23 upate miligramu. Kama asilimia 90 ya sodiamu iliyoliwa hutoka kwa mkojo, lakini kwenye joto la Aprili jasho linachukua sehemu yake, kwa hiyo mkojo wa kiangazi unapunja ukweli. Liandike hilo waziwazi.

Presha: akae dakika 5 ameegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, mara tatu kwa kupishana dakika moja, chukua wastani wa mbili za mwisho. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo. Wanawake wa huko hubeba mtungi wa maji, kolshi, kiunoni kwa mwendo mrefu. Ukimkuta ndiyo kwanza anautua, dakika 5 hazitoshi, mpe nusu saa. Tambuu na chai pia visubiri nusu saa.

Ukikuta 140/90 baada ya wiki ya 20, rudia baada ya saa 4 na upime protini kwenye mkojo. Ukikuta 160/110, utafiti unasimama hapo hapo. Usafiri wa kwenda hospitali uwe umelipiwa kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na boti iwepo pale ambapo barabara inaishia mtoni. Huyo mama si namba ya kusubiri uchambuzi.

---

Kingo32 alijibu:

Naongeza la jamii, kwa kuwa bila hilo takwimu zenu zitawadanganya.

Maji matamu Dacope yana bei. Mwenye tenki kubwa la mvua mara nyingi ndiye mwenye ardhi, chakula kingi na kazi isiyo ya jua. Anaweza kuwa mnene zaidi na presha yake juu zaidi, si kwa sababu ya maji ya mvua. Pima uzito, mzingo wa mkono, mali za nyumba na chumvi inayotiwa kwenye wali na samaki mkavu.

Chukua hesabu ya tenki. Watu watano, lita 4 kila mmoja kwa kunywa na kupikia, ni lita 20 kwa siku. Tenki la lita 2,000 lililojaa mwanzoni mwa Novemba linakauka siku ya 100, yaani Februari. Kiangazi kinaendelea hadi Mei. Paa haina kosa: mita za mraba 20 na mvua ya milimita 1,500, hata ukitoa hasara ya asilimia 20, zinatoa lita 24,000. Kinachopungua ni pa kuyahifadhi. Kwa siku 210 nyumba hiyo inahitaji lita 4,200. Kwa hiyo "anakunywa maji ya mvua" ni kweli Desemba na si kweli Aprili. Uliza tarehe tenki lilipokauka.

Andika pia bwawa liko ndani ya tuta gani, yaani eneo gani lililozungushiwa kingo za udongo na kupewa namba. Matuta ya miaka ya 1960 yalizuia maji ya bahari, lakini yalizuia na tope la mto lililokuwa likiinua ardhi. Ndani ya tuta namba 32 ardhi imekuwa chini kwa mita 1 hadi 1.5 ikilinganishwa na msitu wa mikoko wa Sundarbans ulio jirani. Kimbunga Aila cha tarehe 25 Mei 2009 kilipobomoa kingo, maji ya chumvi yaliingia na kutoka kwa karibu miaka miwili, na mabwawa yakaharibika. Kwingineko chumvi inaingizwa kwa makusudi kupitia milango ya tuta kwa ajili ya kambamiti, ikapenya hadi bwawa la jirani anayelima mpunga na asiye na sauti ya kukataa. Pima umbali kutoka bwawa la kunywa hadi shamba la kambamiti lililo karibu.

Mwisho, msimshauri mtu ahamie kisima kingine kabla ya kupima aseniki, sumu ya asili inayopatikana kwenye maji ya ardhini. Visima vya pampu vilichimbwa kwa mamilioni ili kuwaepusha watoto na kuhara, na ni mwaka 1993 tu ndipo aseniki ilipothibitishwa kwenye visima vya Bangladesh. Kiwango cha nchi ni mikrogramu 50 kwa lita, cha Shirika la Afya Duniani ni 10. Visima vifupi ndivyo vyenye hatari zaidi. Sampuli ile ile yenye asidi aliyoieleza Maabara_Delta inatosha kupimia, na majibu yapelekwe kwa mwenye kisima kwa Kibangla, mkononi, ndani ya msimu huo huo.