Wanabana torenti usiku na mchana hapa Amu, halafu wanatuambia laini ni nzima

Nimevumilia tangu mwaka jana, sasa yamenifika kooni. Naandika na hasira zangu, kwa hivyo mwenye kutaka maneno ya adabu ya barazani apite uzi mwingine.

Nakaa Langoni, mjini Lamu. Nyumbani nimefunga intaneti ya megabiti 10, shilingi 3,500 kwa mwezi, na hulipa kwa M-Pesa siku mbili kabla, maana tarehe ikipita hata lisaa limoja wanakata. Kwenye kukata hawana uvivu hata kidogo. Jina la kampuni silitaji, sitaki uzi ufungwe kabla sijamaliza.

Kila kitu kwenye laini hii kinakwenda. Video hazikwami. Mke wangu huongea na dadake aliye Jeddah, sura na sauti, mpaka mimi nisiyehusika nachoka. Lakini nikifungua torenti, ile njia ya kuvuta faili vipande vipande kutoka kwa watu wengi, kilobaiti 40 kwa sekunde. Arobaini! Mwanzo ilikuwa jioni tu, saa 11 mpaka saa 6 usiku, nikawa naamka usiku kuiwasha kama mtu anayeamka kula daku. Tangu mfungo mosi hakuna jioni wala alfajiri, ni arobaini muda wote.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "mzee acha kuiba filamu". Ngoja kwanza, bwana.

Mimi hupeleka Wikipedia visiwani. Kuna programu ya bure inaitwa Kiwix, inakuwezesha kuisoma Wikipedia bila intaneti. Unachukua faili moja, unalitia kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi isiyozidi ukubwa wa pakiti ya sigara, inatoa waifai yake, na wanafunzi wanasoma kwa simu au tableti bila bando. Nimezifunga Siyu, Faza na Kizingitini. Ya Kiswahili ni ndogo, inaingia hata kwenye simu. Lakini walimu wa sayansi wanataka ya Kiingereza yenye picha, na hiyo ni kama gigabaiti 100. Likitoka toleo jipya, faili ni hilo zima tena.

Sasa gigabaiti 100 utazivuta vipi kwenye mji ambao stima hupotea bila kuaga? Ukipakua kwa njia ya kawaida, ikikatika kwenye gigabaiti ya 70 mara nyingi unaanza bismillahi. Ndiyo maana Kiwix wenyewe wanaliweka faili kwa torenti pia. BitTorrent aliitunga Bram Cohen mwaka 2001 kwa kazi hii hasa: faili linakatwa vipande vidogo, kila kipande na alama yake ya kuhakikiwa, unakusanya vipande kutoka kwa watu wengi, na ulivyonavyo nawe unawagawia wengine. Stima ikirudi, unaendelea ulipoishia. Kupakua sisi Waamu tulikujua kabla ya intaneti. Jahazi la boriti likifunga gatini, halipakuliwi na mpagazi mmoja aendaye na kurudi mpaka magharibi, wanajipanga ishirini. Torenti ndiyo wale ishirini. Na kampuni yangu imewafunga miguu.

Fanyeni hesabu, baiti moja ni biti nane. Kwa megabiti 10 nilizolipia, gigabaiti 100 ni kama siku moja. Kwa kilobaiti 40, ni siku 29. Mwezi unaandama, unajaa, unafifia, unaandama tena, na faili halijatimia.

Nimewapigia mara nne. Dada wa kwanza alinisikiliza vizuri, akasema nizime ruta, nihesabu mpaka thelathini, niwashe. Nikazima, nikahesabu. Wa pili naye: zima, hesabu thelathini. Wa tatu nikamwambia, mwanangu, ruta hii imezimwa na kuwashwa kuliko karabai ya marehemu babu yangu. Akaniambia basi nipime spidi. Nikapima, megabiti 9.8.

"Laini yako ni nzima, baba."

"Nzima kwa nani? Torenti inakwenda arobaini."

"Torenti ni nini, baba?"

Simlaumu, amepewa karatasi asome. Wa nne ndiye alinipandisha mori. Aliniambia mfumo "unasimamia matumizi ili wateja wote wafurahie huduma". Nikamuuliza, kwa hivyo mnabana? "Sijasema tunabana." Mnasimamia nini? "Matumizi." Ya nani? "Ya wateja wote." Tukazunguka hivyo dakika kumi na mbili, kwa salio langu.

Wakamtuma fundi. Kijana mwema, alivuka kutoka Mokowe, akapanda na ngazi begani vichochoro vyote hivi, punda wawili wamemsukumia ukutani. Akapanda darini, akaigeuza antena kidogo, akashuka. Tukakaa dakani tukanywa kahawa. Akatazama huku na huku, kisha: "Ami, usinitaje. Antena yako haina neno. Hilo linafanywa huko mbele, sisi mafundi hatuligusi." Kikombe kimoja cha kahawa kilinipa jibu ambalo simu nne hazikunipa.

Na sikuishia kwa maneno ya fundi, nimepima. Saa 3 asubuhi, siku ya kazi, kompyuta moja, waya moja kwa moja kwenye ruta, nikachukua faili la Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa bure, karibu gigabaiti 6, ambalo ni halali kwa kila mtu na wenyewe wanaligawa kwa njia zote mbili. Kwa njia ya kawaida lilikuja kwa megabaiti 1.1 kwa sekunde, likaisha kwa lisaa na nusu. Nikalifuta, nikalivuta kwa torenti: kilobaiti 38. Nikawasha VPN, ambayo inaficha kilichomo ndani, torenti ile ile, wagawaji wale wale: kilobaiti 980. Nikaizima VPN, ikaporomoka mpaka 41 kabla sijamaliza kuvuta kiti. Nimerudia siku tano, saa tofauti. Kama ni kompyuta mbovu, mbona VPN imeiponya? Kama ni msongamano, VPN inapita wapi, chini ya bahari?

Hapo ndipo uwongo ulipo, na walio visiwani watanielewa haraka. Sote twajua Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari. Maji yakikupwa pale, hukupwa kwa wote. Boti ya abiria na ya samaki, ya mheshimiwa na ya mnyonge, zote zinangoja maji yajae, na hakuna anayemtukana mwenzake. Msongamano wa intaneti ni hivyo hivyo: ukiwa kweli upo, video nayo ingekwama na dada wa Jeddah angeganda na mdomo wazi. Hiki cha kwangu ni maji yamejaa tele, lakini kuna askari kasimama Mkanda, anachungulia kila chombo amebeba nini, na boti yangu peke yake anaiambia ikokotwe matopeni. Kisha ukimuuliza anakwambia maji yamekupwa.

Kuchungulia kwenyewe si kazi ngumu. Kompyuta mbili za torenti zikisalimiana, kitu cha kwanza kinachotumwa ni namba 19 na maneno "BitTorrent protocol", wazi wazi, kama jahazi lililoandikwa jina ubavuni. Kifaa kwenye njia kinasoma hayo, kinalitia tundu la sindano. Nimejaribu kuwasha usimbaji wa torenti yenyewe ili salamu isisomeke. Ilipanda mpaka 200, siku mbili tu, wakaistukia.

Wala si jambo jipya. Mwaka 2007 Marekani, mhandisi mmoja, Robb Topolski, alikuwa akigawa nyimbo za kale zisizo na mwenyewe, akaona kampuni yake, Comcast, inazikata torenti zake kwa kutuma pakiti (vifurushi vidogo vya data) za kughushi, kila upande ukidhani mwenzake amekata simu. Comcast walikana. Shirika la habari la AP likajaribu lenyewe kwa kugawa Biblia, nayo ikazuiwa. Agosti 2008 tume yao ya mawasiliano, FCC, ikawaamuru waache. Kampuni ikaenda kortini, na Aprili 2010 majaji wakaitengua amri kwa kuwa FCC haikuonyesha uwezo wa kisheria wa kuitoa. Kanada nako kampuni ya Bell ilikuwa inabana kuanzia saa 10 na nusu jioni mpaka saa 8 usiku, ila mwaka 2009 msimamizi wao wa mawasiliano akasema anayebana amjulishe mteja siku 30 kabla. Hicho tu ndicho ningekitaka kwa kuanzia! Niambie saa, niambie kiasi, nijue nanunua nini.

Fomu niliyotia saini nimeisoma yote, kurasa nne, mpaka yale maandishi ya sisimizi. Imeandikwa "matumizi ya haki". Haki ya nani haikusema. Hakuna kiwango, hakuna saa, torenti haikutajwa popote. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupewa taarifa za kumwezesha kunufaika nayo kikamilifu. Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya mawasiliano, na mimi nataka kujua anayefungua pakiti zangu anasoma mpaka wapi. Nimewaandikia barua ya malalamiko kwa baruapepe, nimewapa siku 14. Wasipojibu, inakwenda Mamlaka ya Mawasiliano na nakala zote.

Watu wa "torenti inawanyima wengine laini" nawajibu mara moja. Torenti za siku hizi zina adabu kuliko hizo video zenu. Zinatumia njia iitwayo uTP, inayopima ucheleweshaji wa laini na kujirudisha nyuma yenyewe wengine wakianza kuitumia. Mbinu yake, LEDBAT, imechapishwa tangu Desemba 2012 kama waraka wa kiufundi RFC 6817. Ndiyo, wapo wanaoiba filamu, na baadhi yao ni wapwa zangu. Basi tuifunge njia yote kwa sababu mwizi naye hutembea kwa miguu?

Na asiniambie mtu nitumie VPN maisha yangu yote. Nzuri ni ya kulipia. Yaani nilipe 3,500 waniwekee kizuizi, kisha nilipe nyingine nikiruke?

NYONGEZA, baada ya isha: Nimesoma majibu. Aliyesema nihamie Starlink, ile intaneti ya setilaiti, nimekusikia, imeingia Kenya tangu Julai 2023 na hapa mjini baadhi ya nyumba wamefunga. Lakini mimi nimelipia hii, na jirani yangu asiye na pesa ya kununua dishi ahamie wapi? Na yule wa Shela aliyesema kwake torenti inakwenda vizuri na kampuni nyingine, ahsante sana, hilo ndilo nalolitafuta. Tafadhali pima tena na jioni.

NYONGEZA ya pili, Alhamisi: Wamejibu! "Mpendwa mteja, tatizo lako limetatuliwa. Tupe alama, 1 hadi 5." Nikakimbilia kompyuta hata viatu sikuvua. Kilobaiti 41. Nimeongezewa tatu tangu kipimo cha kwanza, Mungu awazidishie.

Wakati huo huo rafiki yangu wa Mombasa alilivuta faili kwake, akalitia kwenye diski, akampa dereva wa basi. Safari ya masaa 9 na vizuizi vyake vyote vya polisi, pamoja na boti ya Mokowe, diski ikanifikia ikiwa imefungwa kwenye leso. Nimepiga hesabu: gigabaiti 100 kwa masaa 9 ni megabiti 24 na ushei kwa sekunde. Basi, lenye abiria, magunia na kuku wawili, lina kasi zaidi ya mara mbili ya kifurushi changu cha nyumbani.

Diski iko mkobani, kesho maji yakijaa naondoka na boti ya Faza. Nyinyi wa Malindi, Watamu na Mpeketoni, saa 2 usiku chukueni faili moja la Ubuntu mlivute njia tatu: kawaida, torenti, na torenti ndani ya VPN. Wekeni namba hapa na saa mliyopima. Nikirudi Jumapili nitazipanga zote kwenye jedwali moja, na jedwali hilo litakwenda pamoja na barua.